Kashata Nzima, Mpira Mzee

Mjomba wangu ana Volkswagen ya mwaka 1970, ile yenye mgongo wa kobe, injini nyuma na buti mbele. Anaishi na gari hilo kama wengine wanavyoishi na ng'ombe wa maziwa: analikagua alfajiri, analisemesha, analifunika turubai jua likipanda. Linatoka kwenye banda la mabati pale Chumbageni, Tanga, mara tano au sita kwa mwaka: siku za Idi, siku za harusi, na siku ambayo mjomba ameamua tu kwamba mji umesahau mlio wake.

Safari hii harusi ilikuwa Lushoto. Maana yake ni barabara kuu hadi Segera, kisha Korogwe, kisha Mombo, na kutoka Mombo ule mlima wa kona zisizohesabika. Mimi naandika mambo ya sayansi, na kwa mjomba hiyo ni sawa na kuwa fundi, kwa hiyo nikaitwa kukagua. Breki nzuri. Taa nzuri. Nilipofika kwenye matairi alinikatiza.

"Hayo usihangaike nayo," alisema, akilipiga moja teke kwa ncha ya kiatu. "Mapya hayo. Hayajamaliza hata kilomita elfu nne."

Alikuwa anasema kweli. Kashata zilikuwa ndefu, kingo zake bado kali, na mjomba alikuwa amezipaka dawa ya kung'arisha mpaka zikawa nyeusi kama kaniki. Nikapiga magoti na tochi ya simu. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna msururu wa herufi na namba ambao wengi hudhani ni namba ya bidhaa wakaupita. Namba nne za mwisho ndizo cheti cha kuzaliwa. Hapa zilisomeka 1410, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2010. Siku hiyo tairi lilikuwa limetimiza miaka 14.

"Mjomba, matairi haya yamezeeka."

"Mjomba," alinijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, "cheti chako cha chuo kina miaka mingapi kabatini? Hujakitumia. Tukitupe?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilipolipata, halikutoka kwenye vyeti bali kwenye manati.

Aliyewahi kuwa na manati anajua kwamba mipira yake haifi kwa kupiga ndege tu. Unayatundika msumarini muhula mzima, unarudi likizo, unavuta mara moja, yanakatika mkononi. Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye baiskeli ya mchoma mkaa. Mtazame ule mpira wa tyubu anaofungia gunia. Sehemu iliyokazwa kuzunguka keria imejaa nyufa ndogo zilizokata mpira kwa upana, kama ngozi ya kisigino wakati wa kipupwe. Mkia wake unaoning'inia bila kuvutwa ni laini. Ni mpira uleule, umekatwa siku ileile, umepigwa na jua lilelile. Tofauti yao ni kwamba mmoja umekaa ukivutwa na mwingine umekaa ukipumzika.

Kuelewa sababu inabidi turudi kwenye utomvu. Mpira wa asili hutoka kwenye mti wa Hevea, na wenyeji wa mkoa wa Tanga hawana haja ya kwenda Malaysia kuuona: upo kwenye shamba la Kihuhwi, Muheza, mojawapo ya mashamba yaliyokusudiwa kulisha kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha, enzi za uhai wake. Kwa jicho la kemia utomvu huo ni minyororo mirefu ya molekuli iliyoviringana kama tambi kwenye sahani. Ukiuacha hivyohivyo, joto linaufanya unate na baridi inaufanya uwe mgumu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika na salfa unabadilika tabia. Salfa inafunga vidaraja kati ya mnyororo na mnyororo, na tangu hapo ukiuvuta mpira unanyooka, ukiuachia unarudi. Kila tairi duniani linategemea vidaraja hivyo.

Ila kuna kasoro iliyokuja pamoja na neema. Kila mnyororo una viungo vingi ambavyo kemia inaviita viungo maradufu. Salfa hufunga vichache, vingine hubaki wazi, na hivyo vilivyobaki ni milango. Wageni wawili huingia humo: ozoni na oksijeni. Ni ndugu, lakini kazi zao hazifanani.

Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili. Hewani mwetu ni kidogo mno, sehemu chache katika kila sehemu milioni mia moja, lakini ikigusa mpira inakata minyororo papo hapo, juujuu, kama wembe. Mpira uliolegea hauumii sana, kwa sababu ncha zilizokatwa zinabaki zilipo na kuwa kama gamba la kuukinga. Mpira uliovutwa ndio wenye msiba: kila unapokatwa, kidonda kinafunguka, mpira mpya unajitokeza chini yake, nao unakatwa. Ndiyo maana nyufa za ozoni daima hukata njia ya mvuto. Na ubavu wa tairi lililojazwa upepo na kubeba gari uko kwenye mvuto usiku na mchana, liwe barabarani au bandani.

Viwanda vinajua haya tangu zamani. Ndani ya mpira wa tairi wanachanganya nta na kemikali za kuzuia ozoni, na kwa miongo mingi iliyo maarufu kuliko zote imekuwa ile inayofupishwa kwa jina la 6PPD. Vitu hivi vinasafiri polepole kutoka ndani kwenda nje na kuweka utando mwembamba juu ya tairi. Tairi likizunguka linajikunja na kujikunjua, na mwendo huo unasaidia kupandisha kinga mpya. Kwa maneno mengine, tairi linalotembea linajipaka mafuta lenyewe. Lililosimama utando wake unachakaa bila kupata mwingine wa kutosha. (Kinga hiyo nayo ina deni lake. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walionyesha kwamba 6PPD ikikutana na ozoni inazaa kemikali inayooshwa na mvua kutoka barabarani hadi mitoni, nayo inaua samaki aina ya koho kabla hawajataga. Kinachookoa tairi kinamuua samaki. Hilo lingetosha makala yake lenyewe.)

Oksijeni ya kawaida haina haraka hiyo. Inapenya hadi ndani na kufanya kazi ya miaka. Wakati mwingine inakata minyororo, na mara nyingi zaidi, kwenye tairi, inaongeza vidaraja vipya juu ya vile vya salfa, mpaka ile sahani ya tambi inakuwa wavu mkavu usionyumbuka. Fungua droo ya zamani utazame raba bendi zilizofungia barua: nyingine zimekuwa ulimbo, nyingine zinavunjika kama tambi mbichi. Zote ni kazi ya oksijeni, kwa njia mbili tofauti.

Hapa ndipo banda la mabati linapomsaliti mjomba. Yeye anaamini adui wa tairi ni jua. Jua lina lawama, lakini tairi ni jeusi kwa sababu limejazwa masizi, na masizi hayo, pamoja na kuliongezea nguvu, yanameza mionzi ya jua kabla haijafika mbali. Oksijeni haihitaji jua. Tena nyingi haiji kutoka nje, tunaijaza wenyewe. Sehemu moja ya tano ya upepo unaoingizwa na fundi wa pancha ni oksijeni, nayo iko kwenye shinikizo, inasukuma kutoka ndani kwenda nje kupitia kila tabaka. Tyubu, au ule utando wa ndani wa matairi yasiyo na tyubu, unaichelewesha tu. Kwa hiyo tairi linazeeka gizani, chini ya turubai, kwenye banda lililofungwa kwa kufuli.

Kinachoamua kasi ni joto. Wanakemia wana kanuni ya kukisia: joto likipanda kwa digrii 10 za Selsiasi, mwendo wa mabadiliko mengi ya kemikali hukaribia kuwa maradufu. Wastani wa joto la mwaka London ni kama digrii 11. Pwani yetu ni kama 26. Piga hesabu ya tofauti hiyo ya digrii 15 utapata kwamba kemia ya Tanga inakwenda karibu mara 2.8 ya ile ya London. Tairi halitii hesabu hiyo kwa usahihi, maana lina mambo mengi ndani yake na barabarani linajipasha lenyewe. Hata hivyo, nilipomwambia mjomba kwamba kwa kipimo hicho matairi yake yanakaribia miaka 40 ya Kiingereza, kwa mara ya kwanza aliacha kulifuta gari.

Takwimu zinaelekea upande huohuo. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilichambua madai ya matairi ya kampuni moja kubwa ya bima kati ya mwaka 2002 na 2006. Majimbo matano yenye joto, yaani Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 tu ya wateja wa kampuni hiyo, lakini asilimia 77 ya madai yote ya matairi yalitoka huko. Na katika madai hayo, asilimia 84 yalihusu matairi yenye umri wa zaidi ya miaka sita.

Sasa tuingie ndani ya tairi, mahali ambapo jicho halifiki. Matairi ya sasa ni ya redio (radial), muundo ambao Michelin waliusajili mwaka 1946 na kuanza kuuza mwaka 1949. Chini ya kashata kuna mikanda miwili ya nyaya za chuma, na kati yake tabaka jembamba la mpira. Kwenye kingo za mikanda hiyo, karibu na bega la tairi, ndipo mvutano na joto hukutana kila gurudumu linapozunguka. Mpira mchanga unavumilia. Mpira uliokakamaa unaanza kupasuka hapo, ufa mdogo kama uzi, kisha ufa unatambaa katikati ya mkanda na mkanda. Kwa nje hakuna kitu: kashata nzima, ubavu unang'aa. Kisha siku moja ya jua kali, gari limejaa watu, dereva amekanyaga mafuta, kashata zinabanduka nzimanzima na kuacha kiunzi.

Hilo ndilo funzo la ajali ya Septemba 2012 kwenye barabara ya A3 karibu na Hindhead, Uingereza. Basi lililokuwa likirudisha vijana Liverpool kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele likagonga mti, watu watatu wakafa, dereva akiwa mmoja wao. Kashata za tairi hilo zilikuwa za kutosha kisheria. Umri wake ulikuwa miaka 19 na nusu, na lilikuwa na umri mkubwa kuliko basi lenyewe. Sheria ilichukua miaka mingi na msukumo wa familia za marehemu: tangu Februari 1, 2021, Uingereza imepiga marufuku matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote yasiyo pacha ya mabasi madogo.

Kupasuka si hatari pekee, na kwa gari la kale linaloendeshwa taratibu nadhani si ile kubwa. Ile kubwa ni ya kimyakimya. Tairi linashika lami kwa sababu ni laini; mpira unajisukuma ndani ya vijitundu vya lami na kung'ang'ania. Ukikakamaa, unapita juu ya vijitundu hivyo. Mahali pakavu hutagundua, lakini mvua ya masika ikinyesha, ukakanyaga breki kwenye kona, gari linateleza kama sabuni bafuni na kashata zako zote zipo. Mwigizaji Paul Walker alipofariki Novemba 2013 huko California, ndani ya Porsche Carrera GT iliyokuwa ikiendeshwa na rafiki yake, polisi wa Los Angeles walisema chanzo kilikuwa mwendo kasi. Lakini waliandika pia kwamba matairi ya gari hilo yalikuwa na miaka tisa. Gari la thamani kubwa mno, lililotunzwa, lililotembea kidogo, lilikuwa limesimama juu ya mpira wa zamani.

Gari la kila siku lina bahati ambayo gari la kale halina. Daladala linakula kashata kabla umri haujafika. Likipata kipara kila mtu anaona, trafiki anaona, abiria anaona. Kuisha kwa kashata ni kengele. Gari la mjomba halina kengele. Kwa mwendo wake wa kilomita mia tatu kwa mwaka, kashata zile zingedumu mpaka wajukuu wa wajukuu, na muda wote huo zingekuwa zinasema uongo.

Basi miaka mingapi? Watengenezaji hawakubaliani kikamilifu. Baadhi ya kampuni za magari hushauri matairi yabadilishwe yakifika miaka sita, hata kama kashata zipo. Michelin wanasema baada ya miaka mitano ya matumizi yakaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na yakitimiza 10 tangu kutengenezwa yaondolewe, hata yale ya spea. Mimi nazichukulia namba hizi kama ushauri ulioandikwa kwa ajili ya dunia nzima, wakati sisi tunaishi kwenye chungu. Kwa gari la kale la pwani naanza kulishuku tairi likifika miaka mitano, na likifika saba silipandishi mlima. Anayeishi Lushoto kwenyewe au Limuru, kwenye ubaridi, anaweza kujiongezea mwaka au miwili. Tairi likifika 10 tusibishane.

Kati ya mwaka wa tano na wa saba ndipo ukaguzi una maana. Kwanza ondoa dawa ya kung'arisha, kwa sabuni na maji. Sina ugomvi na urembo, ila nyingi za dawa hizo, na hasa ule mchanganyiko wa dizeli na oili chafu unaopakwa na vijana wa kuosha magari, zinavimbisha mpira na kufunika nyufa kama poda inavyofunika chunusi. Kisha lijaze upepo vizuri, maana nyufa hujificha tairi likilegea. Tazama bega na sakafu ya mifereji kati ya kashata na kashata; nyufa za hapo zinanitisha kuliko zile nywele za ubavuni. Bonyeza kashata kwa ukucha: mpira hai unakubali kidogo, uliokufa unakurudisha kama pembe. Pitisha kiganja kuzunguka tairi ukitafuta mahali palipovimba. Na endesha polepole ukiwa umefunga redio. Mtetemo ambao wiki iliyopita haukuwepo, unaoongezeka kidogokidogo bila gurudumu kugonga shimo, unaweza kuwa mkanda unaoachana na mwenzake. Hapo husubiri kufika nyumbani.

Kusoma namba kuna vituko vyake. Msururu kamili wenye tarehe huwekwa upande mmoja tu wa tairi, na mara nyingi fundi ameugeuzia ndani, kwa hiyo uwe tayari kulala chini ya gari na kanzu yako. Kabla ya mwaka 2000 tarehe zilikuwa na namba tatu badala ya nne: 327 ni wiki ya 32 ya mwaka unaoishia na 7, muongo ujitafutie mwenyewe. Sioni haja ya kuutafuta. Tairi la namba tatu ni la karne iliyopita, na swali limekwisha.

Wauzaji wa matairi ya mtumba hawapendi ukiinama kusoma, lakini inama. Tairi la kutoka Japani lenye kashata za kuvutia linaweza kuwa lilitolewa kwenye gari la mwenzako kwa sababu hiihii ninayoiandika hapa. Tairi jipya lililokaa stoo mwaka mmoja au miwili bila upepo na bila mzigo halinisumbui; tofauti yake na lililokaa chini ya gari ni ile ya mkia wa mpira wa baiskeli na sehemu iliyokazwa.

Tulipokubaliana kununua, ndipo shida ya kweli ilipoanza. Kobe wa zama hizo alizaliwa na saizi 5.60-15, tairi la nyuzi za kupishana. Mrithi wake wa redio ni 165 R15. Ni tairi jembamba, refu, la magari ambayo hayatengenezwi tena, na kobe wa mwisho alitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Duka la kwanza kijana alituambia bila kusita tuweke 195/65. "Inchi 15 ni inchi 15, mzee." Sivyo. Rimu ya kobe ina upana wa inchi nne au nne na nusu, na tairi la 195 juu yake linabanwa miguu kama mtu aliyevaa kiatu cha mdogo wake. Kingo hazikai vizuri na kwenye kona tairi linayumba. Duka la pili walikuwa na mawili ya redio wakatushauri tuyafunge mbele, nyuma tubakishe ya zamani. Hapo nilipandisha sauti. Tairi la redio na la nyuzi za kupishana hayainami sawa kwenye kona, na ukiweka la redio mbele na lile jingine nyuma, mkia wa gari unaachia kwanza. Uingereza mpangilio huo ni kosa kisheria. Kwa gari ambalo injini iko nyuma na magurudumu ya nyuma yana desturi ya kujikunja kwa ndani likiyumba, ni kuomba balaa kwa maandishi.

Tuliagiza matano Dar es Salaam, na tyubu mpya, maana tyubu nazo ni mpira. Viwanda vichache bado vinatengeneza saizi hizi kwa ajili ya magari ya kale, na bei yake si ya kirafiki. Katika siku za kusubiri mjomba alirudia hoja aliyokuwa akiizunguka tangu mwanzo. Gari lake, alisema, ni la asili. Usukani wa asili, viti vya asili, redio ya asili hata kama haisemi. Kobe kama huyu alishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Je, alishinda kwa kuvuliwa viatu kila baada ya miaka saba?

Alivuliwa kila baada ya siku moja, nilimwambia, pengine mara mbili kwa siku. Lakini hoja yake naiheshimu, na wapenzi wa magari ya kale wanaokusanyika kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1970, wanaishi nayo pia. Uasili wa gari ni kitu cha kweli. Bati lililooza linachomelewa. Injini inachongwa upya. Kiti kinashonwa, kioo kinatafutwa hadi Afrika Kusini. Karibu kila kitu kwenye gari kinaweza kurudishwa ujana na fundi mwenye subira. Mpira hauwezi. Hakuna anayejua kuufungua mnyororo uliofungwa na oksijeni na kuurudisha ulivyokuwa. Kwa hiyo anayetaka matairi ya asili ayaweke kwenye rimu zake za asili, ayapandishe kwenye maonyesho, kisha ayashushe kabla ya kuwasha injini ya kurudi nyumbani. Na gari likae juu ya mawe au stendi msimu wa kupumzika, upepo upunguzwe, mbali na mashine ya kuchomelea na mota za umeme, ambazo cheche zake huzalisha ozoni bandani kwako.

Siku ya kufunga, fundi wa pancha, mzee aliyeanza kazi enzi za General Tyre, alitoa tairi la kwanza akalipindua ndani-nje kwa magoti yake. Sauti ilisikika, tatata, kama kuni kavu. Ndani ya kila mfereji nyufa zilifunguka ambazo mjomba hakuwahi kuziona kwa miaka yote ya kupaka dawa. Fundi hakusema neno. Alimtazama mjomba, akaweka tairi pembeni na kusema lile litatoa jozi nane za katambuga. Akajaza upepo mpya, na ilibidi nimzuie asiweke 32 kote kama alivyozoea: kobe wa matairi ya redio anataka kama paundi 18 mbele na 27 nyuma, kwa kuwa mbele hana mzigo.

Ikabaki spea. Imelala kwenye buti la mbele tangu lini hakuna ajuaye. Nikaifuta: namba tatu. Nikaanza kuitoa, mjomba akanishika mkono.

Spea ya kobe wa 1970 ina kazi ya pili. Kutoka kwenye vali yake unatoka mpira mwembamba hadi kwenye chupa ya maji, na ni upepo wa spea unaorusha maji kwenye kioo cha mbele. Hakuna mota wala umeme. Mjomba alibonyeza, maji yakaruka hadi paa, naye akacheka kama mtoto. Tairi lile, alisema, halijawahi kugusa barabara hata siku moja na halitagusa. Kazi yake ni kuosha kioo. Fundi alikubali kwa sharti la kupunguza upepo wake hadi ubaki ule wa kusukuma maji tu.

Tukapanda Lushoto hivyo: mjomba usukanini, mimi pembeni, na nyuma mkaza mjomba na gauni lake la harusi, akiwa amekumbatia tairi la tano, jipya, lililofungwa kwa gazeti lisimchafue.